Siku Nyanda Aliponitangazia Msiba

Nani kawaambia wosia ni wa mtu anayekata roho? Mimi nilikuwa mzima wa afya, nakaanga chapati, nikatangaziwa msiba.

Nina gesti hapa Mikumi, kando ya barabara ya Iringa, wanapolala madereva wa malori. Kiwanja nilinunua na Stefano tukiwa mke na mume. Nyumba nimejenga mwenyewe baada ya talaka, yeye akarudi kwao Vidunda kulima. Stefano hana neno. Tatizo dada yake, Letisia! Kila tukikutana sokoni: "Wifi, nyumba yetu haijambo?" Yetu! Roho inanichemka. Nikawaza, nikifa leo, binti yangu Upendo atatupiwa virago nje.

Nikaamua kuandika wosia. Nikaambiwa nitafute mashahidi, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Wa ukoo nikamwita kaka yangu Alfred. Wa nje nikamwita Nyanda, muuza maziwa, Msukuma, mtani wangu. Hapo ndipo nilipokosea.

Kusikia tu neno wosia, Nyanda akajishika kichwa, akajibwaga chini kando ya barabara. "Uwiii! Editha katuacha! Kafa hata ugali hajajua kupika!"

Nikamtupia mwiko. Madereva wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini dereva mmoja wa bodaboda hakusubiri utani uishe. Akaondoka na habari yake mpaka Vidunda.

Mchana Letisia akaingia, kajifunga kanga ya msiba, jicho kavu. Nilikuwa jikoni, namwona kupitia upenyo wa mlango. Upendo alitaka kumweleza, nikamkonyeza anyamaze.

"Pole, mwanangu," akasema Letisia. "Funguo za vyumba ziko wapi?"

Jamani! Nilishika mchi. Kabla sijatoka, bodaboda ikasimama nje. Stefano akashuka na gunia la maharage ya msiba, analia kama mtoto.

"Letisia, koma!" akafoka. "Nyumba hii kajenga Editha kwa jasho lake. Ni ya Upendo. Mimi sidai hata tofali, na wewe usiguse kitasa!"

Moyo wangu ukayeyuka. Miaka yote nilikuwa nayasubiri maneno hayo. Nikatoka na mchi wangu mkononi.

Letisia akapiga ukunga, akatoka mbio, kiatu kimoja akakiacha mlangoni. Stefano akakaa chini palepale.

"Editha? Si umekufa?"

"Nimekufa wapi! Hebu rudia ulichosema, Alfred na Nyanda wasikie, halafu tukiandike uweke sahihi."

Akarudia yote, huku anafuta machozi. Akaweka sahihi. Nilimkumbatia Upendo, nikalia kwa furaha bila aibu.

Maharage tukayabandika, madereva wakaitwa. Nyanda akadai sahani ya kwanza, eti yeye ndiye mwenye msiba. Nikampakulia ya pili. Ya kwanza nilikula mimi, marehemu.