Maziwa Yanapita Chini

Kila asubuhi baada ya kukamua, Chepngeno alikaza kifuniko cha mkebe wa maziwa, akautia kwenye shimo la fuko nyuma ya boma, kisha akaenda kuchuma chai. Kabla hajajaza kikapu, Janefer alikuwa ameshampigia simu kutoka Kericho mjini: maziwa yametokea chini ya kaunta ya hoteli yake, bado yana joto la ng'ombe.

Fuko walikuwa wamechoka kuisubiri barabara ya kijiji cha Boito. Mvua iliponyesha, pikipiki zilikwama matopeni na maziwa yakaganda njiani, basi wakachimba njia yao chini ya mashamba ya chai hadi mjini. Kipkirui, mume wa Chepngeno, aliyewatega tangu utotoni na kujisifia jambo hilo hata kanisani, alifungua mitego yote. Mtu hamtegi mfanyakazi wake. Mshahara wao ulikuwa viazi vitamu, na walijichukulia wenyewe.

Mheshimiwa, mbunge wao, alikuja kuona. Alipiga magoti, akachungulia shimoni, akafurahi sana.

"Nyinyi mko mbele ya Nairobi," alisema. "Sasa hii greda ni ya kazi gani hapa?"

Greda iliyoletwa kutengeneza barabara ikarudishwa. Watu walipiga makofi. Chepngeno naye alipiga, ingawa aliingiwa na hofu: binti yake Winny alikuwa na mimba kubwa, na hospitali iko mjini.

Uchungu ulimshika Winny asubuhi ya mvua. Chepngeno alilitazama shimo, akamtazama binti yake.

"Mama, hata usifikirie," Winny alisema.

"Sijasema kitu."

Majirani walimbeba kwa machela. Kabla hawajafika kwenye lami, mtoto alizaliwa chini ya mwavuli wa Kipkirui, mzima, akilia kwa hasira. Chepngeno alimfunika kwa leso yake. Simu ikalia. Janefer alitaka kumjulisha kwamba maziwa yamefika salama.

Wakipsigis humpa mtoto jina kulingana na alivyozaliwa. Huyu alizaliwa nje, akaitwa Chepsang; angekuwa mvulana angeitwa Kipsang. Mheshimiwa alimtumia sabuni kupitia shimoni, nayo ikafika siku hiyo hiyo.

Miaka imepita, na fuko wameongeza njia ya pili, ya kabichi. Katika chekechea ya Boito, akina Chepsang na Kipsang wamekuwa wengi mno, mpaka mwalimu anawaita kwa majina ya mama zao.