Kontro na Sifuri

Daktari alipomwambia mdogo wangu kwamba macho yake yanakwenda na hayatarudi, swali lake la kwanza halikuhusu macho. Aliuliza kama atapoteza kiti. Daktari akadhani anasema kile alichokalia, akamwambia akae tu, hakuna haraka. Mimi nilijua ni kiti gani. Ni kile chenye mto wa kijani, ofisini kwa wakili, upande wangu wa kushoto.

Sisi ni wachapaji, ndugu wawili wa kike wa tumbo moja, chumba kimoja. Mimi ndiye niliyemwingiza pale, na watu walisema kazi imegeuka mali ya ukoo. Nikawaacha waseme, usiku watalala. Mdogo wangu alichapa haraka kuliko mimi tangu wiki ya kwanza, na hilo nalo sikupenda kulisikia kila siku, lakini ndiyo hivyo.

Ugonjwa wenyewe unakula katikati na kuacha kandokando. Akikutazama usoni anaona masikio. Ili akuone vizuri lazima ageuze shingo na kukuangalia kwa pembe ya jicho, kama mtu anayekudharau. Mama mkwe wake alikuwa wa kwanza kulalamika kwamba mkamwana ameota pembe. Hatukumweleza. Tulikubaliana asijue mtu ila sisi wawili na mumewe, maana siri ikifika kwa mama mkwe inafika sokoni kabla ya nyanya.

Ofisini, kitu cha kwanza kumshinda kilikuwa kipanya. Si chenyewe, ni kile kishale chake kwenye skrini, kidogo kama sisimizi na hakitulii. Alikuwa akikitafuta huku na huko mpaka mkono unamtoka jasho. Siku moja alikichukua kipanya na waya wake, akakitia kwenye droo. Akaniambia kwamba kuanzia leo vidole vitafanya kazi ya macho, na mimi nitamsaidia nitake nisitake.

Basi jioni, nyumbani kwake, tukichambua maharage, nilikuwa mwalimu. Meza ya jikoni ndiyo kibodi. Nasema "sevu", anapiga meza vidole viwili, Kontro na S. Kontro ni kile kitufe cha pembeni chini kabisa, wenyewe wamekiandika Ctrl, na sisi tulikipa jina linalotamkika. Nasema "nenda juu kabisa", Kontro na Home. "Chini kabisa", Kontro na End. "Tafuta neno", Kontro na F. "Ukurasa wa pili", Kontro na Tab. "Rudisha kosa", Kontro na Z, na hapo hupiga hata kabla sijamaliza. Shemeji yangu, ambaye ni fundi magodoro na hana subira na kelele asizopiga yeye, alipita akauliza kama hiyo ngoma ni ya harusi au ya matanga. Tukamwambia apite.

Alichokipenda zaidi ni Kontro, Shifti na T. Hiyo hurudisha ukurasa uliofungwa kwa bahati mbaya. Iliwahi kumwokoa. Alitaka kusevu, kidole kikapanda juu kidogo kikagusa W, ukurasa ukatoweka mbele ya wakili aliyekuwa amesimama nyuma yake. Akapiga vile vitatu bila kushtuka, ukurasa ukarudi na kila neno lake. Wakili akasema huyu binti ana mkono wa uganga. Jioni ile, mezani, nilimtajia tena: "Rudisha kilichofungwa." Alipiga vidole vitatu, akavitazama kwa pembe ya jicho.

"Ingekuwa na macho ni hivi," alisema, "ningekuwa nimeshabonyeza."

Nikaendelea kuchambua maharage. Iliniuma.

Dawa kubwa kuliko zote ilikuwa Kontro na alama ya kujumlisha. Nyaraka zetu tunaziandika mtandaoni, ili wakili aweze kuzisoma hata akiwa kwake, na huko ukibonyeza hivyo maandishi yanakua. Bonyeza tena, yanakua tena. Mdogo wangu aliyakuza mpaka mistari minne ikajaza skrini nzima, na hapo, kwa kugeuza shingo, aliweza kusoma. Tabu ni kwamba maandishi ya ukubwa huo yanatangaza habari. Mtu yeyote akiingia atauliza kulikoni. Kwa hiyo tukaweka utaratibu. Mimi natazama mlango. Nikisikia viatu vya wakili nakohoa, naye anabonyeza Kontro na sifuri. Herufi zote zinarudi saizi yake, ndogo kama za wenzake, na yeye anabaki anatazama ukungu kwa uso wa mtu anayesoma.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Kontro haikuweza kulificha. Wakili wetu ana desturi yake. Hati haichapishwi kwenye karatasi mpaka aliyeiandika aisome kwa sauti kutoka kwenye skrini, mteja akiwa ameketi pale pale, neno kwa neno. Husema kosa likiwa kwenye skrini ni kosa, likifika kwenye karatasi ni kesi. Hapo tulicheza mchezo wa kupokezana. Mdogo wangu anachapa, mimi nasoma, tunasema yeye ana kigugumizi mbele ya wageni. Hajawahi kugugumia maisha yake yote. Ana mdomo kama cherehani.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka nilipoumwa mafua.

Yalikuwa mafua ya kweli, ya kukaza kifua. Niliamka sauti imekauka, imebaki hewa tu. Mtu mwenye akili angebaki nyumbani, lakini nani angetazama mlango? Nikaenda. Na asubuhi hiyo nzima nilikohoa. Kila nikikohoa, mdogo wangu anabonyeza sifuri. Anasubiri, haingii mtu, anayakuza tena. Kabla hajapata pumzi, kifua kinanikaba, nakohoa, sifuri. Nilimpungia mkono kumwambia hiki ni cha mafua, lakini aligeuka kunitazama, na mkono ukaangukia katikati, pale asipoona kitu. Nilijaribu kumnong'oneza nikaishia kukohoa.

Kazi yenyewe siku hiyo ilikuwa ya bibi mmoja mjane, aliyekuwa akigawana shamba na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Wakili hutuachia maelezo kwa sauti, ameyarekodi kwenye simu, nasi tunasikiliza na kuandika. Kwenye sauti alisema mpaka utapita mbele ya nyumba, kisha mbele ya kisima. Halafu akajisahihisha: hapana, kisimani upite nyuma, bibi ndiye aliyechimbisha kisima hicho. Mdogo wangu alikuwa ameshaandika la kwanza. Akarudi kurekebisha kama tulivyofundishana, Kontro na F, akatafuta "mbele". Likajitokeza neno. Wakati anataka kuangalia ni "mbele" ipi, nikakohoa. Akabonyeza sifuri, na kwa kuwa anajiamini, akabadilisha hivyo hivyo gizani.

Mchana wakili akaingia na bibi. Nilikohoa, mara hii kwa makusudi, herufi zikanywea. Bibi alikuwa mwembamba, kanga imekunjwa vizuri, na mkononi ana kitambaa cha kufutia kidole cha wino, amekuja nacho kutoka nyumbani. Tukamwamkia, akaitikia, akaketi karibu na mdogo wangu. Wakili akanitazama, akanisikia ninavyopumua kama pampu ya baiskeli, akasema leo asome mwenye kazi yake, kigugumizi si ugonjwa, bibi atamvumilia.

Lakini mdogo wangu akaanza, na akaanza vizuri. Hati za wakili zina maneno yale yale, yeye ameyaandika mamia ya mara, na mengine aliyaandika asubuhi ile ile. Alikuwa anasoma kichwani, macho yametulia kwenye skrini, sauti imenyooka. Majina, tarehe, mashahidi. Wakili akaegemea ukuta. Mimi nikaanza kuamini kwamba tumevuka.

Akafika kwenye mpaka. Akasema, "Mpaka utapita mbele ya nyumba," kisha akanyamaza.

Nilidhani amesahau. Nikakohoa kidogo kumtia moyo, sijui kwa nini, kikohozi ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Wakili akasema endelea. Bibi naye akasogeza kiti.

"Hapo soma taratibu, mwanangu," alisema. "Mimi sijui kusoma. Kisima changu kiko hapo."

Mdogo wangu aliniambia baadaye alichokuwa anafikiri. Kichwani maneno yalikuwa sahihi: mbele ya nyumba, nyuma ya kisima. Angeweza kuyasema, bibi angetikisa kichwa, na kazi ingekwisha. Lakini yale yalikuwa maneno aliyokusudia kuandika. Aliyoandika hakuyaona. Bibi angesikia hati moja na kuweka kidole gumba kwenye nyingine.

Akaweka vidole kwenye kibodi. Kontro na kujumlisha. Tena. Tena. Herufi zikavimba, zikasukumana, mpaka zikawa kama za kibao cha duka. Mimi nilikohoa, Mungu anajua nilikohoa, nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Hakugusa sifuri. Akageuza shingo, akatoa kichwa pembeni kama kuku anayetazama punje, mbele ya wakili na mbele ya mteja, akasoma kilichoandikwa.

"Mpaka utapita nyuma ya nyumba," alisoma, "kisha mbele ya kisima."

"Basi kisima ni cha shemeji," alisema bibi. Hakupandisha sauti. Alikunja kile kitambaa chake na kukiweka mapajani.

Mdogo wangu akasema kosa ni lake, si la wakili, na akalirekebisha pale pale, herufi zikiwa kubwa vile vile. Akatafuta, akapata, akageuza nyuma kuwa mbele na mbele kuwa nyuma, akasevu, akasoma upya kuanzia mstari wa kwanza. Hakuruka hata nukta. Alichukua muda mrefu, kwa sababu kila baada ya maneno machache ilibidi asogeze ukurasa, na hakuna aliyemharakisha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kidole, akajifuta.

"Maandishi yako mazuri," alimwambia wakati wa kuinuka. "Hata mimi nisiyejua nayaona."

Alipotoka, wakili akafunga mlango. Mdogo wangu hakusubiri kuulizwa. Alisema macho yake yanakwenda, katikati hakuna kitu, anaona kandokando tu, na kandokando nako hakuna ahadi. Alisema ametaka kubaki kwenye kiti chake kwa sababu kazi anaiweza, na leo ameona kwamba anaiweza ikiwa tu hajifichi. Kisha akaweka mikono juu ya kibodi, vidole viwili vya shahada vikiwa kwenye vile vialama vidogo vya kupapasa vya F na J ambavyo humwambia yuko wapi.

Wakili akanigeukia mimi.

"Na wewe," alisema, "hicho kikohozi cha miezi yote hii kimepona?"

Sauti sikuwa nayo. Nilitikisa kichwa tu, na mpaka leo sijui kama nilitikisa kwa ndiyo au kwa hapana.

Hakutusifu, na sikutegemea. Alituambia tumeweka kisima cha mtu rehani kwa ajili ya aibu yetu, na akikuta siri nyingine tutatoka wote wawili siku moja. Alisema kweli, ingawa ilinichoma. Kisha akasema maandishi ya ukubwa ule yatasomwa na kila mpita dirishani, na mambo ya wateja si gazeti. Meza ya mdogo wangu igeuzwe, skrini itazame ukuta. Na kusoma mbele ya mteja asome yeye mwenyewe, kila mara, hata ikichukua mchana mzima. Kwa muda gani, hakusema. Hakuna aliyemuuliza.

Tuliigeuza meza siku hiyo hiyo, mimi nikisukuma na kuhema, yeye akivuta. Kiti cha mto wa kijani nacho kikaenda. Sasa amekaa kwa kunipa ubavu, herufi zake zinajaza skrini kutoka ukingo hadi ukingo, na kipanya bado kimo kwenye droo. Mwezi uliopita aliniambia mistari minne imekuwa mitatu. Nimeanza kumfundisha kuisikiliza kompyuta ikimsomea. Ina sauti ya mtu aliyekasirishwa na jirani, na vitufe vyake tunavipiga mezani jioni kama vile vya zamani. Mama mkwe ameambiwa. Sokoni wanajua.

Juzi nilisikia viatu vya wakili kwenye ukumbi. Mafua yalishaisha siku nyingi, kifua changu ni kizima kabisa, lakini kabla sijafikiri nilikuwa nimekohoa. Mdogo wangu hakugeuka. Vidole vyake havikuacha kuchapa.

"Dada," alisema, "kunywa maji."