Madebe Yaliyomchagua Kerrow

Wewe unayesoma, nakujua. Kikitajwa kile kijiji cha seng'enge karibu na Balambala, mwaka wa sitini na saba, unageuza shingo ghafla kama mtu anayetafuta nzi. Geuka huku.

Serikali iliwazungushia watu waya, ikawakataza mto waliokuwa wakiuona kwa macho, ikawapa bomba moja. Ufunguo wa bomba alishika Kerrow, mpenda usingizi. Lango la kwenda malishoni lilifungwa kila siku asubuhi mapema, na Kerrow alikuwa akiamka baadaye. Basi mbuzi watatu waliombakia Lul walichagua kila siku: kiu au njaa. Lul alijua kwa mwendo huo Idi ingewakuta ngozi tupu.

Siku moja Bwana Ndirangu, ofisa kutoka bara, akatangaza uchaguzi wa mshika ufunguo. Kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Lul akajitokeza kugombea. Kerrow akasimama palepale bombani, akalifungua mapema kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Sasa, desturi ya pale ilikuwa debe likushikie foleni, wewe ukajilaze kivulini. Ndirangu akapita na kifimbo akihesabu.

"Debe hii ya nani?"

"Ya Amino, bwana mkubwa," Kerrow akajibu. "Yuko nyuma yangu kabisa."

"Amino yuko kule analala!" Lul akapaza sauti.

"Mwili imelala. Nia iko foleni."

Ndirangu akaandika. Debe lililofuata lilikuwa limetoboka, halina mwenyewe. Nalo likahesabiwa.

Lul akaangaza macho, akaliona debe lake mwenyewe. Wallahi, alikuwa nyuma ya Kerrow tangu alfajiri! Akalinyakua. Alipougusa mkono wa debe la Amino, Kerrow akapayuka:

"Wacha! Hiyo ni kura ya mtu!"

Ni kweli, ilikuwa ya mtu. Lul akaliacha, akaenda kivulini, akamgonga mumewe Mahat kwenye unyayo.

"Amka! Debe yako inachagua Kerrow."

"Niache, Lul. Mimi nataka maji tu. Mambo ya siasa mimi siko."

"Uko! Uko mbele kabisa, na kofia umevaa!"

Kweli, Mahat alikuwa ameliwekea debe lake kofia ili lisiibiwe. Amino, aliyekwisha kuamshwa na kelele, akacheka mpaka akapaliwa, kisha akainuka. Wenzake wakamfuata, madebe yakahamia kwa Lul kwa kishindo kama mabati ya paa kwenye upepo. Mahat akaja wa mwisho, akinung'unika. Nyuma ya Kerrow likabaki lile debe bovu.

"Hesabu tena, bwana mkubwa," Lul akasema.

Ndirangu akakuna sikio, akahesabu, akampa ufunguo.

Kesho yake mbuzi walitoka langoni matumbo yamejaa maji. Mmoja alikojoa mlangoni kwa Kerrow, na Kerrow wala hakuamka.

Haya, bomba la mtaa wenu anashika nani? Alichaguliwa lini? Hujui, na bado ulihesabiwa kuwa umekubali! Acha kusoma. Vaa viatu, nenda ukawaulize waliokuhesabu sasa hivi, kwa miguu yako mwenyewe.