Mtu Mzima wa Kukaa Naye

Simu ilinikuta saa tatu asubuhi nimepiga magoti mbele ya kochi la watu, misumari midogo imejaa mdomoni. Sisi mafundi makochi ndivyo tunavyoishika, mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili una nyundo. Sauti ikasema nifike kituo cha polisi, shemeji yangu ameshikwa. Nikaitema yote sakafuni.

Shemeji huyo ni mdogo wa marehemu mke wangu. Ana miaka thelathini na minne, ndevu kamili, lakini akili yake ilifika miaka saba ikakaa chini, ikakataa kuendelea na safari. Mtaani wanamwita Misumari. Kazi yake kwangu ni kung'oa misumari ya zamani kwenye mbao za makochi na kuinyoosha, na hakuna anayemshinda. Akiuona msumari popote anauokota. Sasa jana yake jioni ghala la mbao la mtaa wa pili liliungua, na kulipokucha polisi wakamkuta anachakura kwenye majivu, mifuko imemjaa misumari. Basi, mchomaji amepatikana, wakubwa wanywe chai.

Askari wa kaunta alinisukumia karatasi.

"Mtu wa namna hii hahojiwi bila mtu mzima wa kukaa naye. Ndiyo sheria. Soma, utie saini."

"Hakuna wa serikali wa kazi hiyo?"

"Afisa ustawi? Yuko mmoja wilaya nzima, mzee wangu. Labda Alhamisi. Unataka shemeji yako alale humu mpaka Alhamisi?"

Ilikuwa Jumatatu. Misumari hajawahi kulala nje ya nyumba yangu, na taa ikizimwa analia. Nilitaka nitoke naye kabla jua halijazama, hilo tu. Karatasi ilikuwa na maandishi ya kubanana kama siafu. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Nikasoma mistari miwili, nikapitisha macho kwenye iliyobaki kama mtu anayesoma, nikatia saini.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ya bati, viti vitatu na dirisha la juu la kupitisha hewa. Kiti changu kilikuwa kimepasuka, sponji nje. Serikali nzima inashindwa kushona kiti.

"Shemeji umekuja!" Misumari akaruka. Viatu walikuwa wamemvua. "Tunaenda nyumbani?"

"Tunaenda."

Mpelelezi alikuwa mtu wa shati lililonyooka kwa pasi, sauti ya upole. Hao wa upole ndio wa kuogopa. Anayefoka unamsikia anakuja.

"Misumari, rafiki yangu. Jana ulikuwa kule ghalani?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa na kiberiti?"

"Ndiyo."

Kiberiti! Mtu ambaye hajui hata upande wa kuwashia.

"Kwa hiyo nani alichoma ghala?" Hapo sauti ikapanda kidogo.

"Ni mimi, nisamehe."

Maneno hayo nayajua yalikotoka. Zamani majirani walimpiga Misumari kwa dirisha lililovunjwa na watoto wao wenyewe. Marehemu akamtibu majeraha, akamkalisha, akamfundisha: mtu akikufokea usibishe, sema "Ni mimi, nisamehe", atakuacha. Na kweli walimwacha. Nani atampiga mtu mzima aliyeinamisha kichwa namna ile? Nyumbani tukaigeuza mzaha wetu. Mvua ikinyesha siku tatu, marehemu anamkazia macho: "Nani kaficha jua?" Anajibu, "Ni mimi, nisamehe," na anacheka yeye kuliko sisi. Hatukuwaza kwamba ipo siku mbele yake atakaa mtu mwenye kalamu.

"Afande," nikasema, "huyu anakubali kila kitu. Alifundishwa hivyo nyumbani."

"Mzee, umekuja kukaa, si kujibu."

"Nimekaa kwenye matambara haya nusu saa, sasa nasema. Nikuonyeshe?"

Akaegemea nyuma, akatabasamu. "Nionyeshe."

Ningeweza kuuliza habari za jua, au nani kauiba mwezi, tungecheka pengine hata yeye. Lakini mimi nina jambo limenikaa kooni mwaka wa pili sasa. Mke wangu alikufa kwenye benchi la hospitali, karatasi mkononi, anasubiri muhuri wa mtu aliyekwenda mkutanoni. Hakuna aliyeulizwa swali hata moja, na hakuna aliyevuliwa viatu. Nilipoiona kalamu ile ya serikali hasira ikanipanda, nikamgeukia Misumari, sauti ikatoka kali kuliko nilivyotaka.

"Nani kamuua dada yako?"

Alinitazama. Tabasamu likamfutika taratibu. Aliona huu si mzaha wa jua, lakini amesikia anafokewa, na kwa kufokewa anajua dawa moja tu.

"Ni mimi," akasema. "Nisamehe."

Mpelelezi akaandika.

"Unaandika nini?"

"Kilichosemwa."

"Ule ulikuwa mfano! Mke wangu alifia hospitali, watu wakimwona!"

"Naandika kilichosemwa, mzee, sichagui." Akafunika kalamu, akainuka. "Halafu sasa umekuwa shahidi. Kuna kifo umekitaja mwenyewe, lazima utaandikisha maelezo. Shahidi haruhusiwi kukaa kwenye kiti hicho."

"Nani kasema?"

"Karatasi uliyotia saini. Hukusoma? Ungeweza hata kusimamisha mahojiano ukadai wakili. Yote yamo."

Niseme nini? Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa wakubwa wetu wameishika nusu ya kwanza, nusu ya pili wanaipiga chapa kwa herufi ndogo na kumpa mtu wa darasa la nne.

"Basi nasimamisha sasa."

"Sasa si wewe tena."

Askari wawili wakanishika viwiko, bila kunipiga, kistaarabu kabisa. Misumari akasimama anifuate, wakamkalisha.

"Shemeji, nimekosea?"

"Hujakosea! Usijibu kitu! Ukiulizwa nyamaza!"

Nilimwambia hivyo mtu aliyefunzwa miaka ishirini na dada yake kwamba kunyamaza kunaleta kipigo.

Ukumbini mwanamke wa usafi alikuwa anapiga deki. Mpelelezi akachungulia mlangoni. "Mama, una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili, afande. Kuna nini?"

"Njoo ukae hapa kidogo."

"Na ndoo?"

"Iache."

"Nikikaa nasema nini?"

"Husemi kitu."

Akafuta mikono kwenye aproni, akaingia. Nikapiga kelele kwamba mama huyo hamjui Misumari, kwamba hata jina lake halijui. Askari wa kaunta akaniambia, "Mtu mzima si ndiye huyo? Au unamwona mtoto?" Wenzake wakacheka. Mlango ukafungwa.

Nikakalishwa kwenye benchi, macho kwenye mlango ule. Haikupita hata robo saa. Yule mama akatoka, akaokota fimbo ya deki lakini hakuanza kazi. Akanisogelea.

"Ni wako, baba?"

"Ni shemeji yangu. Amesema nini?"

"Hakusema mengi. Kasomewa, kakubali. Hajui kuandika, wakampaka wino, akaweka kidole."

"Yote mawili? La moto na la dada?"

"Karatasi zilikuwa mbili." Akashusha sauti. "Mpole jamani. Kaniuliza mimi, eti, mama, nimefanya vizuri?"

"Ukamwambia nini?"

Macho yakamjaa maji, akayaficha kwa kuinamia ndoo.

"Ningemwambia nini, baba yangu, na wamemkodolea macho vile? Nimemwambia amefanya vizuri."