Mashine ya Novemba

Tangu Krismasi mji wetu wa Halstrand haukuwa na habari nyingine ila turbo. Kiwanda kilikuwa kimetoa picha moja tu: pikipiki ya theluji iliyofunikwa turubai jeusi, ncha ya ski ikichungulia chini, basi. Kwa picha hiyo wanaume wazima, wenye wajukuu, walikuwa wakiacha kazi zao na kuja kusimama mbele ya kaunta yangu ya vipuri, wakinyoosha vidole kwenye simu. Huyu anasema injini ina nguvu ya farasi mia mbili, yule anaapa ni zaidi. Mimi niliwaambia kwamba kitu hakifunikwi turubai bila sababu.

"Shemeji, wewe hata jua likichomoza utaliomba kitambulisho," Verlyn aliniambia. Huyo ni binamu ya mume wangu Orrin, mtu wa maneno mengi. Tangu utotoni yeye na Orrin hawajawahi kukubaliana nani kati yao anajua mashine.

"Likichomoza saa sita usiku nitaliomba," nikamjibu.

Ndivyo nilivyo, wala sioni haya kusema. Kwa miaka ishirini na mmoja nimerudishiwa vipuri vilivyochakaa na watu wanaoapa kwamba hawajavifungua hata boksi, tena watu wa kanisani kwangu. Kwa hiyo siku ile ya Machi kiwanda kilipoondoa turubai, na duka zima likapiga mbinja mbele ya televisheni, mimi nilikuwa nimekunja mikono. Mashine ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini huku kwetu huinunui ukiiona. Unaiagiza wakati theluji inayeyuka, hujaigusa wala hujaisikia ikinguruma. Unaandika rangi, urefu wa mkanda wa chini unaoisukuma kwenye theluji, na uzito wa mpandaji akiwa na nguo zake zote, ili kiwandani wakufungie springi zinazokufaa. Kisha unangoja hadi Novemba. Duka letu lilipewa mashine sita tu, na mwisho wa kuagiza ulikuwa tarehe kumi na tano Aprili, saa kumi na moja jioni.

Aliyenishangaza ni Orrin. Mume wangu ni mtu aliyekuwa akilala na vijitabu vya mashine chini ya mto. Miaka mingine ungemkuta amekaa mstari wa mbele, akibishana na Verlyn hadi mate yanawaruka. Mwaka huu aliitazama turbo mara moja, akasema, "Nzuri," akatoka kwenda kukaa kwenye gari. Nikajiambia, hapa pana jambo.

Dalili ya mvua ni mawingu, na nilipoanza kuyatafuta mawingu niliyakuta tele. Mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mapya matatu, kwa msumari. Tangu Januari alikuwa amehamia chumba cha chini, ati kukoroma kwake kunaninyima usingizi, baada ya miaka thelathini na minne ya kunikoromea bila kuomba radhi. Bakuli langu la nyama ya kusaga na viazi, alilokuwa akilifuta kwa mkate, sasa alilidonoa kama kuku mgonjwa. Na mara nne alikwenda mjini Fargo, mwendo wa saa tatu, akaniambia anatafuta vipuri. Mimi, mkewe, nauza vipuri.

Halafu kulikuwa na Marva. Marva ana mkahawa karibu na benki, mjane, mwembamba, na akipanda mashine hakuna mwanamume wa kumfikia. Watu wawili waliniambia, bila kuulizwa, kwamba Orrin hukaa kwake asubuhi nzima na kikombe kimoja cha kahawa. Lisemwalo lipo. Mwanamume wa miaka sitini na mbili hapunguzi kitambi kwa ajili ya mke aliyemzoea.

Asubuhi ya tarehe kumi na tano niliketi kuhakiki fomu zetu sita kabla hazijakwenda kiwandani. Ya sita ilikuwa na jina la mume wangu. Turbo, nyeusi, mkanda mrefu. Nikashuka na kidole hadi kwenye uzito wa mpandaji: ratili mia na sitini na tano.

Orrin wangu ana ratili mia mbili na thelathini akiwa na soksi tu. Alikuwa amepungua, ndiyo, lakini hajawa mwanafunzi wa sekondari.

Nilimfuata Gaylen, mwenye duka, nikamwonyesha karatasi. Akakuna shingo.

"Alikuja siku yako ya mapumziko," akasema. "Aliniomba nisikwambie. Alisema anataka iwe ya kushtukiza."

"Ya kumshtukiza nani?"

Gaylen akakumbuka kazi fulani huko stoo.

Saa nane Marva mwenyewe akaingia kununua oili. Ningekuwa mtu mwenye subira ningemhudumia na kumwacha aende.

"Marva, una uzito gani?"

"Arobaini na tano juu ya mia," akasema, hata hakushtuka. "Kwa nini?"

"Na nguo za kupandia, buti na kofia ngumu?"

"Ah, weka ishirini zaidi. Mnafanya sensa?"

Nikapiga hesabu kichwani: mia na sitini na tano. Nilimrudishia chenji yake, akanitakia siku njema, nami nikamjibu vizuri kabisa, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza.

Saa kumi na dakika hamsini niliifungua oda ya Orrin kwenye kompyuta na kuifuta. Sitasema nilisita. Nilisikia raha, ile raha chungu ya mtu aliyejua tangu mwanzo. Nafasi ikaenda yenyewe kwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja, naye alikuwa Verlyn. Nikampigia simu.

"Orrin amekubali?" akauliza.

"Orrin hana shida na mashine."

Alipiga ukelele hadi nikaiondoa simu sikioni.

Nilimkuta Orrin jikoni, koti la sufi mwilini, ingawa jua la jioni lilikuwa limejaa dirishani. Sikuvua hata buti.

"Nani ana ratili mia na sitini na tano?"

Alinitazama kidogo. "Umeiona fomu."

"Nimeiona, na Marva nimemuuliza. Kama ni kumnunulia mwanamke mashine, Orrin, si ungekwenda duka la mji mwingine? Ulitaka niipokee mimi, niifungue mimi, nimkabidhi na ufunguo?"

"Marva?" akasema. "Marva wa mkahawani?" Alitaka kucheka lakini pumzi haikumtosha. Akainuka kwa kushika meza. "Njoo huku."

Nikamfuata hadi bafuni nikiwa na maneno mengine tayari mdomoni. Alivua koti. Chini yake kulikuwa na sweta, na chini ya sweta kulikuwa na sweta nyingine, kisha shati zito, kisha fulana mbili. Alipofika kwenye ngozi niliona mbavu za mtu nisiyemjua. Akapanda juu ya mizani. Ikasoma mia na arobaini na sita.

"Ongeza buti na nguo za kupandia na kofia," akasema. "Gaylen aliniambia niandike uzito wa kweli, la sivyo springi zitanirusha."

Niliuliza ni nini. Akasema ni saratani ya kongosho. Akasema madaktari wa Fargo wanataka waanze dawa Jumatatu, na kwamba kwa Marva alikuwa akikaa kwa sababu pale hakuna anayemlazimisha kula.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa maswali yako. Ungeuliza yale ambayo hata mimi nilikuwa sijathubutu kuyauliza." Alikuwa bado juu ya mizani, amejikumbatia kwa baridi. "Moja nililiuliza. Nilimuuliza daktari habari ya Novemba. Akapekuapekua karatasi zake. Gaylen nilipomuuliza habari hiyohiyo, akaniandikia mashine itafika lini: wiki ya pili ya Novemba, na jina langu juu yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimeishi na ulimi wangu na macho yangu haya miaka sitini, nikijivuna kwamba hakuna linalonipita, na huyu alikuwa akinyauka mezani pangu.

"Orrin, nimeifuta," nikasema. "Ile oda. Leo, kabla ya kufunga."

Aliteremka kwenye mizani kwa uangalifu, mguu mmoja, kisha mwingine.

"Imekwenda kwa nani?"

"Verlyn."

Sasa alicheka kweli, hadi ikabidi aketi ukingoni mwa bafu. "Mungu wangu. Ataipasua kabla ya Krismasi." Nikamvisha fulana moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye sweta akanishika mkono. "Asijue mtu, Arlys. Wakijua wataanza kuleta mabakuli yao ya chakula na kuniangalia. Niahidi." Nikamwahidi.

Asubuhi yake nilimwambia Gaylen nimekosea kufuta. Akasema orodha imefungwa, ila kabla ya saa sita mchana jina linaweza kubadilishwa, kwa saini ya mwenye nafasi. Nikachukua fomu nikaenda kwa Verlyn.

Alikuwa gereji, anafagia. Alikuwa ameshasogeza zana zote upande mmoja na kuacha nafasi tupu katikati, na ukutani amebandika picha kubwa ya turbo.

"Shemeji! Umekuja kuona itakapokaa?"

"Nimekuja kuiomba irudi."

Fagio likasimama. "Kuna nini? Mmesikia nini kutoka kiwandani?"

"Hakuna. Mashine haina neno."

"Jana jioni unanipigia mwenyewe, leo saa tatu unaitaka. Kama haina neno, mbona unaikimbilia? Au kuna mtu ametoa bei kubwa zaidi?"

"Hakuna mtu. Ni ya Orrin. Nilikosea."

"Wewe? Ukosee?" Akanizunguka kama vile mimi ninavyomzunguka mtu aliyeleta kipuri kibovu. "Halstrand nzima inajua Arlys hakosei. Niambie ukweli, la sivyo sisaini."

Sikuwa na ukweli nilioruhusiwa kuusema. Nikamwambia tafadhali. Nikalirudia, na nikaona kwamba neno hilo limemtia shaka zaidi kuliko yote.

"Sikiliza," akasema. "Mwambie Orrin aje mwenyewe. Asimame hapa, aniombe kwa mdomo wake. Nimengoja kumsikia akiniomba kitu tangu tukiwa na miaka kumi. Akiniomba namsainia hapohapo."

"Hawezi kuja."

"Hawezi, au hataki?"

Ningeweza kujibu kwamba hataki. Lingekuwa jibu la Orrin tunayemjua sote. Verlyn angetukana kidogo, na ahadi yangu ingebaki nzima. Lakini ningetoka pale bila saini.

"Hawezi, Verlyn."

Alinitazama. Kisha akaliegemeza fagio ukutani, likaanguka, asiliokote.

"Wiki iliyopita nilimpa mkono pale posta," akasema. "Nikamwambia mkono wako umekuwa laini kama wa mchungaji wa kanisa. Nikacheka. Watu wote wakacheka."

Akaigeukia picha ya ukutani.

"Inakuja Novemba hii mashine."

"Najua."

"Atakuwepo?"

"Sijui," nikasema. Tangu jana nilikuwa sijalisema, hata peke yangu ndani ya gari.

Verlyn hakuuliza tena. Aliichukua fomu, akaiweka juu ya kiti cha mashine yake ya zamani, akasaini. Nilipofika mlangoni aliniambia nisubiri. Alikuwa amerudi ukutani, anabandua ile picha kona moja moja kwa kucha, asije akaichana.