Paa la Nyasi la Darasa la Saba

Sheria ya ofisi ya majengo ya shule ilikuwa fupi, na Mwalimu Manasseh Ombati aliijua kwa moyo: mabati hutolewa kwa jengo ambalo kuta zake zimesimama, zimekaguliwa, na halina paa. Miaka miwili mfululizo wazazi wa shule yake, kilimani karibu na Nyacheki, walizisimamisha kuta za darasa la saba kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Miaka yote miwili mkaguzi alichelewa, mvua ikamtangulia, kuta zikarudi kuwa tope.

Mwaka huo wa 1968 ulikuwa wa mwisho. Barua ilikwisha kuja: bila chumba chenye mabati kufikia Agosti, wanafunzi wa darasa la sita watakwenda kumalizia masomo ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Darasani humo mlikuwa na wasichana kumi na mmoja, na baba zao wengi walikwisha kumwambia Manasseh kwamba huko hawatawapeleka.

Kuta ziliposimama mara ya tatu, mwezi wa Februari, Persis, ambaye bintiye Eucabeth alikuwa miongoni mwa hao kumi na mmoja, aliinuka kikaoni.

"Safari hii hatuziachi uchi. Tuziezeke nyasi mpaka huyo bwana aje."

Mwenyekiti, mzee Machogu, akacheka. "Shemeji, wamvisha mtoto ambaye hajazaliwa?"

"Nawe uliyemzika mara mbili, una lipi la kusema?"

Kazi ya kuezeka ikachukua siku mbili.

Mkaguzi, Walter Otiende, mtu wa upande wa ziwani, alifika katikati ya Aprili. Alipima kuta, akazigonga kwa kifundo cha kidole, akazisifu. Kisha akainua macho, na kalamu yake ikasita.

"Mwalimu, mbona jengo lina paa?"

"Si paa, bwana. Ni kifuniko tu, kuzikinga kuta."

"Lina boriti, lina nyasi, linazuia mvua. Fomu inaniuliza: lina paa, au halina? Nikiandika lina, mabati yenu yanakwenda kwingine."

"Basi andika halina," akasema Persis.

"Mama, niandike nisichokiona? Mwenzangu mmoja aliandika hivyo. Leo anauza samaki."

"Na samaki wake wana paa?" akauliza Machogu, na watu wakaangua kicheko. Hata Otiende alicheka. Lakini kalamu haikusogea.

"Zishusheni nyasi na boriti sasa, mbele yangu," akasema hatimaye, "nami nitaandika halina, na nitakuwa nimesema kweli."

"Mabati yatakuja lini?" akauliza Manasseh.

"Bajeti ikipitishwa. Julai."

"Tukizirudisha nyasi ukishaondoka?"

"Bohari hutuma mtu wake bila taarifa. Akikuta paa, anafuta jina la shule."

"Bwana Otiende, huko kwenu mvua huombwa. Hapa haiombwi. Kuta hizi zitafikaje Julai?"

Otiende alitazama viatu vyake. "Sikuitunga mimi fomu hii, Mwalimu."

Watu wote wakamgeukia Manasseh. Nyasi zikibaki, hakuna mabati. Zikiondoka, huenda kusiwe na kuta. Alitafuta njia ya tatu, na Mola hakumfunulia.

"Zishusheni," akasema.

Persis alikuwa wa kwanza kupanda. Kufikia alasiri fomu ilikuwa imegongwa muhuri, na juu ya kuta watu walitandaza majani ya migomba, wakayakandamiza kwa mawe.

Jumapili ilinyesha mvua ya mawe, ikayachana majani yale. Mwezi wa Mei kuta mbili zilianguka. Mwezi wa Juni zikazifuata zilizobaki, na udongo ulikuwa umelowa mno kufyatuliwa tofali hata moja.

Julai ilipofika, lori lilipanda kilima likiwa na mabati arobaini na mawili mapya. Dereva alishuka na karatasi mkononi.

"Mwalimu, jengo liko wapi?"

"Umesimama juu yake."

Dereva alivua kofia, akatazama chini.

"Yashushe kwangu, mwanangu," Machogu akamsihi. "Utupe wiki tatu za jua."

"Mzee wangu, nikiyashusha pasipo na kuta, nitakatwa mshahara mpaka nizikwe. Mwalimu, weka sahihi hapa, kwamba yalifika na yamerudi."

Manasseh akaiweka karatasi juu ya boneti ya moto, akatia sahihi.

Mwezi wa Septemba aliandika barua za uhamisho kwa wasichana kumi na mmoja. Wanne walikwenda nazo. Persis alikuja kuichukua ya Eucabeth, akaisoma taratibu hadi mwisho, kisha akairudisha mezani.

"Niwekee tu, Mwalimu. Pengine mwaka ujao."

Manasseh aliichukua barua. Akaifungia kabatini pamoja na zile nyingine sita.