Peremende za Harmen

Fenna alikuwa ameficha sanduku tupu kwenye buti ya gari, na hakumwambia mtu. Akimwona mwanawe amenyong'onyea hata kidogo, angempakia na kurudi naye siku hiyo hiyo, nao watu wa ile nyumba ya kanisa alikokuwa akilelewa waseme watakavyo. Harmen alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye usonji, na tangu ahamie pale kabla ya Pasaka, mama yake hakuwa amepata usingizi wa maana.

Jumapili hiyo, katika ibada ya pale, Fenna aliketi ubavuni mwa Harmen, akamshika mkono kwa nguvu kama zamani. Kanisani kwao, kinanda kikilia, Harmen alikuwa akipiga kelele na watu wakigeuza shingo. Watu wa Mungu hao, lakini macho yao! Mara nyingi Fenna alitoka katikati ya zaburi akimkokota kijana aliyemzidi kimo.

Hapa kinanda kilipigwa polepole, na Harmen, masikio yameshazibwa kwa pamba, alitulia tuli. Mchungaji alipopanda mimbari, Fenna, kwa mazoea tu, akafungua mkoba na kumsukumia mwanawe peremende. Ndiyo iliyokuwa dawa yake: mpe mapema, anyamaze. Mstari mzima ukamtumbulia macho.

"Bado, Mama," Harmen akanong'ona, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Mpaka mchungaji aseme sehemu ya kwanza."

"Mama Harmen, usituharibie utaratibu," akasema Teunis, mlezi wa nyumba, akicheka nyuma yao. "Hapa hatumung'unyi bila ruhusa ya mkubwa."

Mkubwa mwenyewe ndiye Harmen. Mchungaji akamaliza utangulizi wa mahubiri, akasema, "Sehemu ya kwanza," kisha akanyamaza, akasubiri. Naam, mchungaji mzima akasubiri! Harmen akajitoa mkononi mwa mama yake, akapita mstari kwa mstari na kopo lake la peremende, akimwekea kila mtu moja kiganjani. Shangazi Aaltje wa jikoni akataka kuchukua mbili.

"Moja," akasema Harmen.

"Mchoyo we!"

"Moja, Shangazi."

Kanisa likacheka, na Harmen akacheka nalo. Akamalizia kwa mama yake. Fenna akaitia peremende mdomoni, machozi yakamtoka bila aibu. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Teunis, akamshukuru hata Aaltje mdokozi. Mahubiri yenyewe hakuyasikia.

Baada ya kahawa Harmen akamsindikiza hadi kwenye gari, akafungua buti aweke mkoba wa mama yake.

"Sanduku la nani?"

Fenna akababaika. "Lako."

Harmen akalifungua, akapapasa ndani, akakunja uso. "Halina kitu. Umesahau kuleta blanketi langu. Na taa yangu."

"Nimesahau, mwanangu," Fenna akasema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Nitavileta Jumapili ijayo."

"Kabla ya sehemu ya kwanza," akasema Harmen, akafunga buti.